Sifuri za 2012 zisome pamoja na hesabu ya 2003

Shule za kata, yaani sekondari zilizojengwa kata kwa kata kwa nguvu za wananchi, hazikuitwa yeboyebo, kama zile ndala za bei rahisi, kwa kusingiziwa. Za pembezoni mwa Dar es Salaam, kule Mbagala na Chanika, nyingi zilianza na vyumba viwili vitatu vya matofali ya saruji, bila plasta wala maabara. Pengo la walimu lilizibwa na vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapigwa msasa kwa wiki chache na kukabidhiwa chaki. Mtaani wakaitwa walimu wa vodafasta. Anayesema tulijenga kuta kabla ya kuandaa walimu anasema kweli, na hapo sibishani naye.

Ubishi wangu uko kwenye matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambayo kila mjadala wa shule hizi huishia hapo. Waliopata sifuri, yaani waliofeli, walikuwa 240,903. Daraja la kwanza hadi la tatu, 23,520 tu. Mwaka uliofuata serikali iliyapanga upya matokeo hayo, lakini namba za kwanza ndizo zilizobaki vichwani mwa watu.

Zinauma, hata mimi zinaniuma. Ila mwaka 2003, kabla ya MMES, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, sekondari zote nchini, za serikali na za binafsi, zilikuwa 1,083, na wanafunzi wake wa kidato cha kwanza hadi cha sita 345,441. Maana yake, waliopata sifuri 2012 peke yao ni zaidi ya theluthi mbili ya wanafunzi wote wa sekondari wa 2003! Watoto wa namna hiyo walikuwepo tangu zamani. Darasa la saba likiisha, jina halimo kwenye orodha ya waliochaguliwa, basi: kuuza maji, kazi za ndani, kuolewa. Hakuna aliyewaandikia sifuri, na ufaulu wa enzi zile unaosifiwa mpaka leo ulipatikana bila wao kuhesabiwa.

Tena wale wa 2012 walipita kidato cha pili bila mchujo, maana serikali ilikuwa imeuondoa 2008. Kuwalinganisha na waliochujwa darasa la saba, kisha wakachujwa tena kidato cha pili, ni kuwaonea.

Kuna na suala la umbali. Simama kituoni Mbagala Rangi Tatu alfajiri. Konda amekingamisha mkono mlangoni, "wanafunzi wawili tu!", kwa kuwa nauli yao ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Binti wa sketi ya shule, begi kalipakata kifuani, anaachwa na gari la tatu. Akifika darasani kipindi cha kwanza kimekwisha, na jioni anayempa lifti ya bure mara nyingi ana anachokitaka. Shule ya kata inapokuwa karibu, binti huyo anakwenda kwa miguu yake. Mzazi aliyebeba mchanga na kokoto kuijenga alikuwa akinunua usalama huo.

Wakosoaji wana hoja moja nzito: kumkalisha mtoto miaka minne kisha atoke na sifuri ni kumdanganya. Nakubali. Na elimu bila ada ya 2016 iliongeza msongamano, ingawa fedha za UVIKO-19 zilileta madarasa 12,000 ya sekondari. Lakini dawa ya udanganyifu huo si kuwarudisha nyumbani, ni kuwapelekea walimu na vifaa. Rais Kikwete alipoagiza kila shule iwe na maabara tatu, kaya zilichangishwa na kuta zikasimama. Nimeingia kwenye moja ya maabara hizo pembezoni mwa jiji: meza za zege zipo, masinki yapo, maji hayatoki, na wanafunzi wamebanana humo wakisoma historia kwa sababu mwalimu wa kemia hajapangwa.