Msimwambie asubiri akue

Mpwa wangu alipofika miaka 16 alikuwa ameshazoea kupima kiti kwa macho kabla ya kukikalia. Siku niliyomsindikiza kliniki, viti vyote vya kusubiria vilikuwa na mikono. Akasimama dakika arobaini, ameegemea ukuta. Mzee mmoja akawa anamsihi, "Kaa mwanangu, kiti hiki hapa." Akajibu kwamba hajachoka. Jasho lilikuwa linamtiririka.

Nyumbani, upasuaji wa kupunguza unene ulipotajwa, tulikuwa na jibu letu: mwache akue kwanza, akifika utu uzima ataamua mwenyewe. Nami nililisema hilo mara nyingi, kwa nia njema kabisa. Leo naamini tulikosea.

Watafiti wa Marekani waliwalinganisha vijana waliofanyiwa baipasi ya tumbo, yaani upasuaji wa kulifanya tumbo dogo na kukipitisha chakula kando ya sehemu ya utumbo, na watu wazima waliofanyiwa upasuaji huohuo baada ya kuishi na unene tangu ujana wao. Hao watu wazima ndio waliosubiri, kama tulivyotaka mpwa wangu asubiri. Matokeo ya miaka mitano yalitoka 2019. Uzito ulipungua karibu sawa: asilimia 26 kwa vijana, 29 kwa wakubwa. Kisukari ndicho kilichonishtua. Kati ya vijana waliokuwa na kisukari aina ya pili, asilimia 86 kiliwatoka; kwa wakubwa ni asilimia 53 tu. Shinikizo la damu nalo hivyohivyo, 68 kwa 41. Miaka ile ya kusubiri ugonjwa haukuwa umelala.

Mwaka 2023, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba kijana wa miaka 13 na kuendelea mwenye unene uliokithiri apelekwe kwa wataalamu wa upasuaji huu ili wampime. Kupimwa si kukatwa, na watu wengi wanaopinga huchanganya mambo haya mawili.

Wapo wanaosema ni njia ya mkato ya wavivu. Nawaomba wamwone mtu baada ya kupasuliwa. Wiki za mwanzo anakunywa kwa vifunda vidogo, baadaye anakula vijiko vichache na kutafuna mpaka taya lichoke, na maji hayaruhusiwi kuandamana na chakula. Kisha vidonge vya vitamini na madini, kila siku, maisha yake yote. Katika utafiti uleule, akiba ya chuma mwilini ilikuwa chini kwa asilimia 48 ya vijana, dhidi ya 29 ya wakubwa, na vijana walirudishwa zaidi chumba cha upasuaji kwa matatizo ya tumbo. Sitaki mzazi asikie habari njema peke yake. Mabinti waambiwe pia mapema kwamba uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba huongezeka, ilhali inashauriwa kuahirisha ujauzito kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Wazazi huona haya kulizungumza, na daktari asipolisema hakuna atakayelisema.

Kwa hiyo hospitali inayompasua kijana na kumwachia karatasi ya tarehe ya kurudi, basi, siiungi mkono hata kidogo. Lazima awepo wa kumfuatilia damu yake, chakula chake na moyo wake, kwa sababu aliyeitwa bonge tangu darasa la kwanza haachi kuyasikia maneno hayo eti kwa kuwa nguo zimempwaya.

Siku ile daktari alieleza yote, kisha akauliza kama kuna swali. Dada yangu akafungua mdomo, daktari akamwomba kwa upole amwache binti aseme. Kimya kikapita.

"Nikiacha vile vidonge vya vitamini, itakuwaje?"

Daktari akavuta kiti chake karibu, akaanza kumweleza yeye, si sisi.