Nilimwambia mama mwenye nyumba apotee

Sikutaka kusimulia hii ila wapangaji wenzangu wameshaifikisha mpaka kwa muuza chapati wa kona, so bora muisikie kwangu mwenyewe.

Nilikuwa najifunza kuota huku najua kabisa naota. Msianze kuniombea, sio mambo ya mganga. Mwaka 1975 kule chuo kikuu cha Hull Uingereza kuna jamaa anaitwa Keith Hearne alimlaza mwenzake Alan Worsley na mawaya kichwani, na Worsley akiwa ndani ya usingizi akawa anapeleka macho kushoto kulia kama walivyokubaliana kabla hajalala, mashine ikachora yote, maana ukiwa unaota mwili unazimwa karibu wote ila macho yanabaki yanacheza. Baadae Stephen LaBerge wa Stanford kule Marekani nae akafanya kitu hichohicho. Nikajisemea kama wenzetu wanaweza kupiga ishara kutoka ndotoni mimi nashindwaje kupaa tu juu ya foleni ya Mbagala.

Kuingia haikuwa tabu, tabu ni kubaki. Nikishtuka tu "eh, hii si ndoto!" raha inanipanda, moyo unadunda, naamka. Sekunde tatu, nne nikijitahidi. Kuna siku nilishainua mguu mmoja nianze kupaa, nikaamka mguu uko juu umenasa kwenye neti.

Dawa yake wanasema usishangilie, tulia, sugua viganja, shikashika vitu, zunguka kama pia. Alafu uwe na vipimo unavyovifanya mchana kutwa mpaka viwe tabia na ndotoni navyo vije vyenyewe: bana pua uvute hewa, ikipita unaota. Soma namba, geuka pembeni, soma tena, ikibadilika unaota. Washa taa, ikigoma unaota. Hicho cha pua kilishaniletea balaa kwenye daladala, konda kaniangalia weee alafu akasema "braza kama tunanuka si ukodi bajaji".

Sasa siku ya tukio nilikuwa na mafua mazito. Nikatega alamu saa kumi usiku, maana ndoto ndefu zinakuja kuelekea alfajiri, unaamka kidogo unazubaa alafu unarudi kulala. Ila kabla alamu haijalia nikaota nimeamka, nimepiga mswaki, nimetoka, kumbe bado nimelala. Nikaamka tena, nayo ndoto. Kwa hiyo nilipokuja kuamka kweli nilikuwa siamini hata godoro.

Nikabana pua, nikavuta. Hewa hii hapa! (Mafua, nilikuwa nahema kwa mdomo siku ya tatu hiyo, ila nani akumbuke saa kumi usiku.) Moyo ukaanza, nikauambia tulia wewe, utaharibu. Nikatoka kwenye korido, nikasoma mita ya LUKU: 0.03. Nikaangalia ukutani kidogo, nikairudia: 0.02. Namba inabadilika mbele ya macho yangu! Kumbe jirani yangu anaewahi kazini kachomeka hita anachemsha maji ya kuoga. Nikaenda kwenye swichi ya korido taratiiibu, naisubiri raha isinipande, nikafika nikabonyeza. Giza. Uniti zimeisha sekunde hiyohiyo.

Vipimo vitatu vyote vimejibu. Nikasugua viganja mpaka vikapata moto, nikapapasa ukuta, nikaanza kuzunguka pale koridoni na bukta yangu huku nasema kwa sauti "mwanga uongezeke, mwanga uongezeke".

Mwanga ukaja kweli. Mama mwenye nyumba na tochi ya simu.

"Nani kamaliza umeme?"

Nikamjibu kwa upole, maana ukisisimka unaamka, "Mama, wewe haupo. Umo kichwani mwangu."

"Nini?!"

"Nasema potea."

Hakupotea. Nikamsoma kanga aliyojifunga, imeandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Akageuka kuwaita wapangaji, mgongoni kajitanda kanga ya doti nyingine: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Aisee. Maandishi yamebadilika! Nikacheka kwa raha nikazidisha kuzunguka. Milango ikafunguka, mmoja anasema kapandisha huyo, mwingine anasema shikeni mkono wa kushoto, na huyo wa hita akaja mbio na ndoo yake, maji yenyewe hata vuguvugu hayajafika, akanimwagia yote. Mimi nikafurahi zaidi, nasikia baridi mpaka kwenye mifupa, nikawaambia "hapohapo, ongeza, ndoto inakolea".

Kilichonitoa ni mama mwenyewe. Alinisogelea akasema, "We mtoto, wazimu wako usinipotezee hesabu. Elfu tisini ya kodi, elfu tano ya maji, elfu tatu ya taka."

Nikasimama. Nikamwambia, "Rudia."

"Elfu tisini ya kodi, elfu tano ya maji, elfu tatu ya taka."

"Rudia tena mama."

Akarudia. Haikupungua mia, haikuongezeka mia. Hapo miguu ikaniisha nguvu, nikajikuta nasema "shikamoo mama" na maji yananitiririka mpaka kwenye ndala.

Hakuitikia. Nilinunua LUKU ya nyumba nzima kwa simu usiku uleule, na jirani nae akadai hela ya maji ya kuoga, maji aliyonimwagia mwenyewe!

Ndotoni nimeshafika karibu dakika moja sasa, ila juzi mshahara ulichelewa nikamfuata mama nimwombe anisubirie mpaka tarehe kumi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka chini ungo wa mchele, akabana pua yake, akavuta hewa.

"Haipiti," akasema. "Niko macho. Lete hela."