Mfalme wa Waskithi Hakuapa kwa Upanga

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp imerushwa video kuhusu dini ya Waskithi, wale wahamaji wa kale wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi: muziki wa kutisha, upanga unachuruzika damu, na msimulizi anayekoroma kama simba mwenye mafua. Eti hao walikuwa watu wasiojua mungu ila vita. Ushahidi? Hawakuwa na mahekalu wala sanamu. Basi, kesi imekwisha.

Upanga ulikuwepo, sibishi. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, anaeleza kwamba kila wilaya ililundika kuni mlima mzima, ikiongeza mikokoteni 150 kila mwaka, na juu kabisa ukasimikwa upanga mkuukuu wa chuma kwa ajili ya mungu wa vita. Katika kila mateka mia mmoja alichinjwa, damu yake ikamwagiwa upanga ule. Ni unyama. Haya, nimekubali, tuendelee.

Maana Herodotus huyohuyo, kabla ya kuufikia upanga, ametaja miungu yao, na wa kwanza, anayeheshimiwa kuliko wote, ni Tabiti, mungu wa kike wa moto wa jikoni. Wanafuata Papaios na mkewe Api, yaani ardhi, kisha Goitosyros na Argimpasa wa mbinguni. Mungu wa vita yuko mkiani, na hata jina lake la Kiskithi hatukuachiwa.

Jiko mbele ya vita! Kwa watu wa kuhamahama, wanaolala kwenye magari ya kukokotwa na ng'ombe, ukuta wa kusujudia wangeutoa wapi? Nyumba inahama, malisho yanahama. Kinachobaki ni moto, na wanaouzunguka. Ndiyo maana kiapo chao kikubwa kilikuwa kwa jiko la mfalme. Mfalme akiugua, waliitwa waaguzi watatu wamtaje aliyeapa uongo kwa jiko hilo. Mtuhumiwa akikana, waliitwa waaguzi wengine, idadi maradufu. Wakimtia hatiani, alikatwa kichwa na mali yake wakagawana wale watatu wa kwanza (hapo pana harufu ya dili, najua). Lakini wengi wakimsafisha, walioanza kumtuhumu walifungwa ndani ya gari lililojaa kuni, likatiwa moto, ng'ombe wakashtuliwa wakimbie nalo. Ningependa sana manabii wetu wa mitandaoni wausome utaratibu huo polepole.

Halafu kuna Idanthyrsos, mfalme wao. Karibu mwaka 513 KK Darius wa Uajemi aliivamia nchi yao na jeshi kubwa, akachoka kuwafukuza nyikani. Akatuma ujumbe: simama tupigane, au nitambue kuwa bwana wako. Idanthyrsos akamjibu kwamba wao hawana miji wala mashamba ya kuhofia. Akitaka vita, ayatafute makaburi ya baba zao ayaguse, aone. Na mabwana anaowatambua ni wawili tu: Papaios, mzee wa ukoo wake, na Tabiti, malkia wa Waskithi. Vita viko mlangoni, adui mkubwa kuliko wote duniani anamtishia, na mfalme huyu hautaji upanga hata mara moja! Anataja babu, makaburi na jiko. Msimulizi wetu mwenye mafua hakuliona hilo?

Ndiyo, walimuua hata mfalme wao Skyles kwa kucheza ngoma za Dionysus, mungu wa mvinyo, pamoja na Wagiriki. Sikusema walikuwa wapole.

Na nyie vijana mliorukia kile kipande cha bangi kwenye video mkashangilia: ni kweli, walitupa mbegu zake juu ya mawe ya moto ndani ya hema, wakapiga mayowe ya furaha. Huko Pazyryk, milima ya Altai, kwa jamaa zao, wachimbaji wa miaka ya 1940 walizikuta mbegu zenyewe kaburini. Ila Herodotus anasema walifanya hivyo kujitakasa baada ya maziko. Kwa hiyo kwanza mkazike mtu.