Simu Mpya, Akaunti Imefungwa
Kinachoniudhi katika programu za simu za kuthibitisha utambulisho si tarakimu 6 za kuingilia akaunti, zinazobadilika kila baada ya sekunde 30, kwa maana hizo ni kinga ya kweli dhidi ya mwizi aliyekwisha kuijua nywila, bali ni ukimya kuhusu siku ya kubadilisha simu. Siri inayozalisha tarakimu hizo, yaani ufunguo wa kidijitali, kwa kawaida huhifadhiwa ndani ya simu yenyewe, wala haiifuati laini. Nami nilipohamishia laini yangu kwenye simu mpya, nikiamini kwamba kila kitu kitaifuata namba kama ujumbe mfupi unavyoifuata, nilifungiwa nje ya barua pepe yangu kwa siku 9. Misimbo ya akiba, yaani namba za kuingilia akaunti pale programu hiyo inapokosekana, nilionyeshwa mara moja tu, kwa maandishi madogo, siku ya kujisajili. Kwa nini onyo kwamba siri hiyo haiifuati laini lisiandikwe kwa herufi kubwa?