Anga kuwa wazi si kuwa salama
Eti shirika la ndege halina kosa likiendelea kuruka karibu na vita, ilimradi serikali haijafunga anga. Sikubali hata kidogo. Julai 17, 2014, mashariki mwa Ukraine, anga ilifungwa hadi futi 32,000 tu. MH17, ndege ya abiria ya Malaysia, ilikuwa futi 33,000, juu kidogo ya mpaka huo, ikatunguliwa na watu 298 wakafa. Januari 8, 2020 uwanja wa Tehran ulikuwa wazi, saa chache baada ya Iran kurusha makombora Iraq. Ndege ya Ukraine ikatunguliwa dakika chache baada ya kupaa, wakafa 176. Kuzunguka kunakula mafuta, najua, lakini abiria aliyefunga mkanda pale dirishani hajui anapita juu ya nini. Wenzangu, mngejulishwa njia kabla ya kulipa tiketi, mngepanda?