Niko Peke Yangu, Mtoto Si Wangu

Naomba nilieleze jambo hili polepole, kwa sababu nilipolieleza kwa haraka nyumbani halikueleweka. Mimi ni mtu mzima wa miaka 53, mtunza ghala kwa kazi, Mpare wa Same kwa asili na mkazi wa Kimara kwa majaliwa ya Mungu. Sinywi pombe, sishabikii mpira kiasi cha kugombana na mtu, na bao nimeacha tangu nilipofungwa na kijana wa darasa la saba mbele ya watu. Anasa yangu ni moja tu: kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huvaa shati jeupe, nikapanda basi mpaka katikati ya Dar es Salaam, nikazurura peke yangu hadi jioni.

Asiyefanya kazi ya ghala hawezi kuielewa anasa hiyo. Kuanzia Jumatatu mimi huitwa kwa ajili ya balbu, kwa ajili ya karatasi, kwa ajili ya ufunguo wa choo cha wageni, na nikirudi nyumbani huitwa kwa ajili ya luku iliyokwisha na mtoto asiyetaka kuoga. Kwa hiyo hujiambia kwamba mkoa ambao sensa ya 2022 iliuhesabia watu 5,383,728 hauwezi kukosa nafasi ya mtu mmoja kupita bila kuulizwa kitu. Hesabu hiyo niliiamini kwa miaka miwili, na ndiyo iliyoniponza.

Jumamosi iliyopita nilipanda mwendokasi Kimara Mwisho, mahali ambapo mtu akiwahi hupata kiti, nami niliwahi. Nilikaa dirishani, nikakunja mikono, nikaanza kufurahia. Tulipofika Ubungo waliingia watu wengi, na miongoni mwao alikuwapo mama mmoja kijana mwenye mkoba, mfuko wa pili, mwavuli, na mtoto wa kama mwaka mmoja. Kila aliyepanda gari katika nchi hii anaijua sheria, ingawa haijaandikwa popote: aliyekaa humpokea mzigo aliyesimama. Nilinyoosha mkono nikitarajia mkoba. Nikapewa mtoto. "Baba, naomba unipakatie," akasema yule mama, na kabla sijajibu, wimbi la abiria waliopanda nyuma yake lilikwisha kumsukuma hadi nyuma kabisa ya basi, akawa haonekani.

Sitaki kumsema vibaya mtoto wa watu. Alikuwa mtoto mzuri, mnene, mwenye tabia ya kuvuta miwani na kuilamba. Kufika Magomeni alikuwa amekwisha kulilowesha shati langu kuanzia kola hadi kifungo cha tatu. Tulipovuka Jangwani alinishika masikio yote mawili na kunitazama usoni kwa makini, kama mtu anayekagua papai sokoni, kisha akacheka, na lazima niseme ukweli kwamba nami nilicheka. Nilimwonyesha magari, akayakataa. Nilimwonyesha pikipiki, akapiga makofi. Wakati wote huo, hata hivyo, jicho langu moja lilikuwa mlangoni, kwa sababu katika kila kituo nilijiuliza kama yule mama ameshuka na kuniachia urithi.

Hakushuka. Tulipofika Posta ya Zamani alijitokeza akihema, akamchukua mwanawe, akaniombea baraka. Yangeishia hapo kwa amani. Lakini mtoto, alipoona anatenganishwa na miwani yangu, alinyoosha mikono miwili, akaangua kilio, na kwa sauti iliyosikika mpaka kwa dereva akaita, "Baba! Baba!" Mtoto wa umri ule humwita baba kila kitu, pamoja na mbuzi na feni. Nililijua hilo, lakini abiria walionitazama hawakuonekana kulijua, na mzee mmoja alitikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba ameona familia ikivunjika.

Nilitembea haraka mpaka kwenye Sanamu ya Askari, katika Mtaa wa Samora, mahali ambapo hupenda kusimama kidogo ili kutuliza moyo. Kabla yake alikuwapo pale gavana Mjerumani aitwaye Wissmann, ambaye Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 walimng'oa. Huyu Askari wa shaba akawekwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wapagazi haohao ambao jeshi lao, Carrier Corps, lilituachia jina la Kariakoo. Ameinama kidogo, singe ameielekeza bandarini, amezungukwa na magari kutwa, na tangu 1927 hakuna hata mtu mmoja aliyemwuliza mwenzake yuko wapi. Namwonea wivu. Mimi nilikuwa sijamaliza dakika tatu mbele yake pale kijana mpiga picha aliponisogelea na kuniuliza, "Mzee, mko wangapi nikupangieni bei ya pamoja?"

Mko wangapi! Swali hili ndilo linalonikera kuliko foleni na kuliko jua la saa saba. Ukijibu kwamba uko mmoja, muulizaji hukutazama nyuma ya bega, kama anayehisi kwamba huyo wa pili umemficha.

Nikaelekea Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kwa imani kwamba mbele ya mifupa ya kale angalau kutakuwa na ukimya. Nilisahau kwamba shule nazo huwa na safari za kujifunza. Nilipokuwa nimesimama nikisoma habari za lile fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, fuvu la kiumbe aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.75 iliyopita na akapewa jina la Zinjanthropus kutokana na Zinj, jina la kale la pwani yetu hii, niligundua kwamba nimezungukwa na wanafunzi wenye sare, daftari na kalamu, wanaoniangalia na kusubiri. Shati jeupe, miwani, kipara: ushahidi wote ulikuwa dhidi yangu. Mwalimu wao halisi, nilikuja kuelewa baadaye, alikuwa nje akimtafuta mwanafunzi mmoja aliyevutwa na muuza barafu.

"Mwalimu," akaanza msichana mmoja wa mbele, "kwa nini ana magego makubwa hivi?" Nilijibu, kama kibao kilivyonifundisha dakika moja kabla, kwamba alikuwa akitafuna vyakula vigumu. "Kama makande ya shule?" akauliza mvulana wa nyuma. Nikasema inawezekana. Wote wakaandika. Nawaomba radhi wanasayansi na wazazi, lakini yako madaftari katika jiji hili yanayosema kwamba Zinjanthropus alikula makande, na mtaalamu aliyenukuliwa ni mimi. Nilitoka kwa mlango wa pembeni nikiwa nimejisikia mkubwa kidogo, sikatai, na nilipofika kwenye miti ya Bustani ya Mimea nilijikuta nikitafakari majibu mengine ambayo ningeweza kutoa.

Njaa ikanipeleka kwenye mgahawa mmoja. "Mko wangapi?" Mmoja. "Tumsubiri mwenzako?" Hakuna mwenzangu. Dada wa watu akanionea huruma, akanipa meza ya watu wanne, akaniwekea glasi mbili, pengine kwa kunitakia heri. Nikaletewa pilau, kachumbari na ndizi. Nilipoinua tonge la kwanza nilikutana macho na bwana mmoja aliyekuwa amesimama akitafuta kiti. Mimi nimelelewa. Mama yangu alinifundisha kwamba mtu akikukuta unakula, unasema karibu, naye husema asante, endelea, na kila mmoja hubaki na heshima yake na chakula chake. Nikasema, "Karibu." Yule bwana akasema, "Asante sana." Kisha akaenda kunawa mikono.

Sijawahi kuona jambo kama hilo tangu nizaliwe. Karibu ya mezani si mwaliko, ni salamu, na mtu anayeipokea kwa vidole ni sawa na yule ambaye ukimwuliza hujambo anakuonyesha kidonda. Lakini ningefanyaje? Tulikula sahani moja, yeye akianzia upande wa nyama. Huku akila alinisimulia kwamba ametoka Tunduru kumleta binti yake chuoni, kwamba amemwacha leo asubuhi bwenini, kwamba ni mtoto wake wa mwisho, na kwamba tangu amwache hakuwa amezungumza na mtu yeyote kwa sababu katika mji huu hamjui mtu. Alipofika hapo alinyamaza, akaitazama ndizi. Nikamwambia achukue. Baadaye aliniandikia namba yake kwenye karatasi ya risiti, ili siku nikifika Tunduru nisihangaike kula. Karatasi ninayo mpaka leo, kwani namba ya mtu anayedaiwa nusu sahani ya pilau haitupwi.

Sasa nije kwenye samaki, maana hapo ndipo kesi ilipokolea. Nilishuka mpaka Feri kwa nia ya kutazama tu bahari na kivuko kinavyokwenda Kigamboni na kurudi. Nikapita sokoni, nikasimama kwenye mnada. Mbele ya dalali palikuwa na fungu lenye changu wawili wakubwa ajabu na vibua wadogo sita, bei imefika shilingi 24,000, na pembeni yangu akawapo jamaa mnene aliyeninong'oneza, "Mkubwa, tuchange. Elfu kumi na mbili wewe, elfu kumi na mbili mimi." Kuchanga fungu na mtu usiyemjua ni jambo la kawaida pale, na kwa kuwa hesabu ilinipendeza, nikakubali. Dalali akatupa fungu. Ndipo yule jamaa aliponiuliza kwa upole, "Kwani ndugu yangu kwenu ni wapi?"

Ningesema Singida. Ningesema Mtwara. Nikasema Same.

Alipiga kelele ya furaha mpaka paka wakakimbia. Alikuwa Mchaga wa Rombo! Na kila anayejua utani wa Wachaga na Wapare anajua kwamba kuanzia hapo sikuwa tena na haki yoyote chini ya jua. Aliwatangazia watu wote wa mnada, pamoja na kina mama wakaanga samaki, kwamba huyu ni Mpare, na kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kisha akawanyanyua wale changu wawili, mmoja kila mkono. "Hawa nawachukua mimi kwa usalama wako," akasema. "Changu ana miiba. Ukikuchoma koo utamshtaki mvuvi, mwenye boti na bahari yenyewe." Nilifungua mdomo nidai haki yangu, nikaona kwamba nikidai nitakuwa nimemthibitishia maneno yake mbele ya umati. Kina mama walicheka huku wakijipangusa machozi kwa kanga, na mimi pia, bila kutaka, nilicheka. Alinikumbatia, akaninunulia kahawa ya shilingi mia mbili, akaondoka na changu wote wawili.

Nikapanda basi la kurudi nikiwa na vibua sita kwenye mfuko. Jua la mchana lilikuwa limefanya kazi yake. Kiti cha jirani kikabaki kitupu, cha mbele kikahamwa, na waliosimama wakaacha nafasi ambayo sijawahi kuiona katika basi lolote la saa kumi na moja jioni. Hatimaye nilikuwa peke yangu kabisa, kama nilivyotaka tangu asubuhi. Tulipopita Magomeni nilijikuta nikitazama huku na huku nikitafuta mtu wa kumweleza habari ya Zinjanthropus na makande.

Nyumbani nilimkuta mke wangu amekaa barazani, simu mapajani, na utulivu wake haukuwa wa kawaida. Kumbe kati ya watu 5,383,728, mmoja alikuwa shemeji yangu, naye asubuhi ile alikuwa kwenye basi lilelile, viti vitatu nyuma. Aliripoti kwamba ameniona nikiwa nimempakata mtoto tangu Ubungo, nikicheza naye, nikicheka, kwamba tuliteremka na mama yake, na kwamba mtoto alilia akiniita baba mpaka basi zima likasikitika. Nilieleza. Nilipofika kwenye maneno "simjui yule mama", nikaona mwenyewe kwamba hayasikiki vizuri.

Mke wangu hakujibu. Aliufungua mfuko, akawatazama vibua. "Umekaa Feri saa nzima ukanunua hawa?" Nikasema palikuwapo na changu wawili wakubwa. "Wako wapi?" Nikasema wamechukuliwa na mtu. "Mtu gani?" Nikasema simjui jina. Akatazama shati langu lenye mate ya mtoto, akatazama vibua tena. Nilipoomba chakula kwa kuwa nilishinda na nusu sahani, aliniuliza nusu nyingine kala nani, nami nikataja mtu wa Tunduru, ambaye naye jina simjui.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Alisema kwamba dada yake alipopiga simu hakuhangaika hata dakika moja, kwa sababu mwanamume anayehesabu njiti za kiberiti na kuzima taa wakati wageni bado wanakula hawezi kuhudumia nyumba mbili, hata angependa, hata angelazimishwa. Akabeba vibua, akaingia jikoni.

Kwa hiyo kesi nimeshinda. Ila kwa sababu zilizotolewa katika hukumu ile, nafikiria kukata rufaa.