Ugomvi wa Kadi Mbili za Mtandao
Kompyuta yangu ya Linux ilikuwa na kadi moja tu ya mtandao, iliyoitwa enp3s0, nasi tuliishi kwa amani hadi nilipoipachikia kadi ya pili ili igawie mtandao kompyuta nyingine. Nilipoiwasha, mtandao haukuwapo. Nikaichomoa kadi mpya, mtandao ukarudi, nikairudisha, ukatoweka. Ushahidi gani tena niutafute? Nilifungua /proc/interrupts, orodha ya Linux ya IRQ (namba ambazo vifaa hutumia kuiita prosesa), nikakuta kadi zote mbili zimeandikishwa kwenye IRQ namba 16, nikashangilia kama askari aliyemfumania mwizi dirishani.

Kwa saa mbili nilizihamisha kutoka sloti hadi sloti na kubadilisha mipangilio ya BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) ambayo hata sikuielewa, nikiwa nimesahau kwamba zilizokuwa zikigombana kwa namba hizo ni kadi za kale za sloti za ISA, ilhali za sloti za PCI, kama zangu, huchangia IRQ moja bila kinyongo. Hatimaye nikasoma dmesg (ujumbe wa kiini cha Linux), jambo ambalo mtu mwenye akili angeanza nalo. Kumbe kadi mpya ilikuwa imesogeza namba za basi (njia za data za PCI, si basi za abiria), ambazo majina ya kadi hutokana nazo; ya zamani ikawa enp4s0, na mgeni akatwaa jina la mwenyeji pamoja na anwani yake ya IP.

Nikasahihisha majina. Kimya. Hata hivyo taa za kadi zote mbili ziliwaka kijani, kwa hiyo nyaya nikaziondolea lawama. Nilipoendesha tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti za data, kwenye kadi mpya, nikaona pakiti: kulikuwa na mtu akiuliza kwa ARP (njia ya kutafuta kifaa chenye anwani fulani ya IP), kila sekunde, ni nani mwenye anwani ya ruta, wala hapakuwa na wa kumjibu. Nikamwonea huruma maskini huyo, mwenzangu katika dhiki. Kisha nikaitazama anwani yake ya MAC, namba ya utambulisho wa kadi, na kuilinganisha, tarakimu kwa tarakimu, na ya kadi yangu ya zamani.

Zilikuwa sawa.

Nikapiga magoti chini ya meza, nikaufuata waya kwa kidole kuanzia kadi ya kwanza: ukashuka, ukauzunguka mguu wa meza, ukapanda tena, ukaingia kwenye kadi ya pili. Waya uliotoka kwenye swichi ya mtandao nilikuwa nimeupigia goti.